Meza ya Bibi: Siku Tano za Useremala Amu

Nyumbani kwetu Mombasa chakula huliwa chini. Mkeka hutandikwa, sinia huwekwa katikati, na kila mmoja hula upande wake. Ndivyo Bibi alivyotulea, na ndivyo tunavyowalea watoto wetu. Lakini tangu Ramadhani iliyopita magoti ya Bibi yamekataa kukunjika. Swala huiswali akiwa juu ya kiti, na hilo sheria imelitolea ruhusa. Chakula nacho akaanza kukila kwenye ukingo wa ulili wake, sahani mapajani, uso umeelekea dirishani, nasi tuko chini kwenye sinia letu tukisikia kijiko chake kikigonga sahani. Miezi miwili hatukulizungumza jambo hilo. Aliyelitamka ni mtoto wetu mdogo, aliyeuliza mbele ya wageni Bibi amekosa nini hata akatengwa.

Tukashauriana kununua meza. Bibi alikataa, na hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba Mtume (S.A.W.) hakula mezani, jambo ambalo kweli limepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.). Ya pili, kwamba meza za madukani siku hizi ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Zikimwagikiwa maji mara mbili huvimba kama mkate uliochovywa katika chai. Kwa hoja ya kwanza tulimwendea mwalimu wa madrasa. Akatueleza kwamba wanavyuoni hawakuiona habari hiyo kuwa ni katazo, na kwamba katika mafundisho ya Mtume limo pia himizo la kula pamoja ili chakula kitiwe baraka. Kwa hoja ya pili hatukuwa na jibu, kwa kuwa ni kweli tupu.

"Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema Bibi tulipomrudia. "Hawakusema lolote juu ya asiyeweza kuinama. Basi ikiwa hapana budi, na iwe meza ya mti, na itoke Amu."

Amu ndiko alikozaliwa, na nadhani zetu ni kuwa alitaja mbali ili tukate tamaa. Lakini mume wa binamu yake ni seremala huko hadi leo, mzee aliyekwisha kuwa na wajukuu, nasi tukampigia simu. Tuliagiza meza ndogo ya miguu minne. Alinyamaza kidogo, kisha akasema meza kama hiyo si ya kuagizwa, ni ya kufanywa. Shule zimefunga, tuje na watoto, atatuonyesha. Tulikuwa watano: kina mama watatu, binti wa miaka kumi na miwili, na yule mdogo wa swali lake. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika msumeno isipokuwa kwa kuusogeza tukifagia.

Kabla ya kuondoka tulichukua kipimo. Hatukuwa na futi ndani ya nyumba, basi tukatumia ugwe. Tulifunga fundo la kwanza penye urefu wa ulili kutoka sakafuni, na la pili penye kiwiko cha Bibi akiwa amekaa wima. Alituachia tupime, huku akituuliza kama tunampimia meza au sanda.

Basi la alfajiri lilitupitisha Kilifi, Malindi, Garsen na Witu. Njia ya kutoka Garsen kuelekea Lamu, ambayo wazee wetu waliijua kwa vumbi lake na kwa matope yake, sasa ina lami. Vizuizi vya askari bado ni vingi, na asiye na kitambulisho asijisumbue. Mokowe gari huishia, mbele ni maji. Ilikuwa Agosti, kusi ikivuma, na mashua ilipotoka kwenye ulinzi wa mikoko ikaanza kurusha maji hata tukafunika mikoba kwa leso. Kisha mji ukajitokeza, mweupe na mrefu kando ya maji, na punda wamesimama gatini kama wapokeaji wageni.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya Amu, hasa tangu mwaka 2001 UNESCO ilipouingiza mji huu katika Urithi wa Dunia, nasi hatutayarudia. Tutasema tu kwamba anayekuja kwa ajili ya ubao huuona mji mwingine. Mgeni hutazama nakshi za milango. Sisi, kwa mafunzo ya siku mbili tatu, tukaanza kutazama viungo. Mlango wa Amu una mbao mbili zinazofungukia ndani, na katikati yake nguzo iliyochongwa iitwayo mfaa. Nakshi ya mfaa ndiyo inayopigwa picha. Lakini fundi wetu alituonyesha pembe ya juu ya fremu, mahali ambapo ubao wa kulala unaingia katika ubao wa kusimama, akapitisha ukucha kwenye mpaka wao. Ukucha haukuzama. Mlango ule wa mbambakofi, alisema, umekutana na jua na mvua tangu kabla ya babu yake. Ua lililochongwa hupendeza, lakini kinachoufanya mlango uwe mlango ni pale pembeni.

Karakana yake iko uani mwa nyumba yake, nyuma ya mtaa wa Langoni, na mkewe alikaa nasi muda wote akisuka ukili. Ukutani zimening'inia misumeno mitatu, randa za ukubwa mbalimbali, patasi zilizopangwa kwa upana wa ncha, na kekee ya zamani ya kupekecha kwa upinde ambayo haitumii tena, lakini huipangusa vumbi. Juu ya meza ya kazi palikuwa na marufaa ya kuwekea msahafu, nusu imekamilika. Watoto walisimama hapo muda mrefu. Marufaa hufanywa kwa kipande kimoja tu cha ubao, kikapasuliwa kwa msumeno na kupenyezwa patasi hata kikafunguka mfano wa mkasi, na pande zake mbili zimeshikana bila msumari wala gundi. Mdogo wetu alikifungua na kukifunga hadi akaambiwa basi.

Jirani mmoja aliyepita mlangoni alitusalimia, akatutazama, kisha akamwuliza fundi tangu lini karakana imekuwa jiko. Fundi hakuinua uso kwenye kazi yake. Alimjibu kwamba Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala, hivyo kazi hii si ya kuonewa haya na yeyote; na kwamba mimbari ya Msikiti wa Mtume, Madina, ilipatikana kwa mkono wa mwanamke wa Kiansari aliyekuwa na kijana seremala, ikachongwa kwa mti uliokatwa mwituni, ngazi tatu. Jirani akasema kweli, akaenda zake. Baadaye alituletea madafu.

Siku ya kwanza, Jumamosi, ilikwenda yote katika kuchagua mbao na kuzipiga randa. Tulitamani mvule au mninga, majina tuliyoyazoea. Fundi akatikisa kichwa. Mvule wa kweli umeadimika na bei yake si ya mwanafunzi. Na tangu mwaka 2018, Serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, mafundi wengi wa pwani wamejifunza kuiheshimu miti ya uani. Akatupeleka nyuma ya nyumba kwenye rundo lililofunikwa makuti. Ulikuwa mwarobaini, mti ulioangushwa na upepo kwa jirani, ukapasuliwa mbao na kuachwa kivulini ukauke, kila ubao ukitenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite.

Sisi mwarobaini tunaujua kwa majani yake. Hakuna kati yetu ambaye hakuoshwa kwa maji yake alipougua tetekuwanga. Kuuona ukiwa ubao, wa rangi ya hudhurungi yenye wekundu kwa ndani, kulikuwa kama kukutana na mkunga wa mtaa amevaa mavazi ya harusi. Una uchungu hata kwa wadudu, alisema fundi, ndiyo maana haushambuliwi upesi kama mwembe.

Randa ni chombo cha kumnyenyekesha mtu. Mkononi mwa fundi ilipita ikiimba, na maranda yakatoka marefu, membamba kama utepe. Mikononi mwetu iliruka, ikakwama, ikang'oa vipande. Kosa lilikuwa kwamba tulikwenda kinyume na nyuzi za mti. Ubao una mkondo kama ulivyo mkondo wa bahari pale Mlango wa Shela. Ukiutazama ubavuni utaona nyuzi zinapanda kuelekea upande gani, na randa hufuata kupanda huko. Binti yetu ndiye aliyeelewa kwanza. Sisi wakubwa tulikuwa tukitumia nguvu.

Jumapili ilikuwa siku ya viungo, na hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo meza inapokuwa meza. Miguu minne, kila mmoja mraba wa sentimita 6. Mbao nne za kuzunguka chini ya uso, kuishika miguu isitawanyike. Kila mwisho wa ubao huchongwa ulimi, na kila mguu huchimbwa tundu la kuupokea ulimi huo. Unene wa ulimi ni thuluthi moja ya unene wa ubao. Ukizidi, tundu linaudhoofisha mguu, na ukipungua ulimi wenyewe utakatika. Tundu huchimbwa kwa patasi, kidogo kidogo, kutoka katikati kwenda pembeni. Ndimi ni nane, na matundu ni manane. La kwanza lilituchukua saa moja na nusu, likatoka limepinda. La nane lilichukua dakika ishirini na tano. Hilo la kwanza bado limo katika meza. Upande wake umejazwa kabari nyembamba, na tunajua ni mguu upi.

Jioni tulipaka gundi na kuviunganisha. Fundi hakuwa na jiriwa za kutosha kubana pande zote, akazungushia kamba ya katani mara mbili, akapenyeza kijiti katikati ya nyuzi na kukisokota hata kamba ikalia. Kisha akachukua ule ugwe wetu akapima kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, na tena pembe zile nyingine mbili. Urefu ukilingana, pembe zote ni sawa. Zilitofautiana kwa upana wa kidole. Akagonga pembe moja kwa ngumi, zikalingana. Mama mmoja kati yetu, mshonaji, akasema hivyo ndivyo anavyopima kitambaa cha pazia.

Gundi huhitaji usiku na mchana. Jumatatu, basi, tukapanda mashua hadi Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, ambako majahazi hujengwa ufukweni. Hatukukaa sana, jua lilikuwa kali na watoto wana njaa isiyo na adabu. Lakini tulimwona mzee mmoja akichagua taruma, ubavu wa chombo, kwenye rundo la matawi yaliyopinda yenyewe. Hakuwa na mchoro wala karatasi. Aliinua tawi, akalitazama kwa jicho moja, akalitupa, akainua jingine. Mkuku wa chombo ulikuwa umelazwa juu ya magogo mchangani, na chini ya kila gogo vimesukumwa vipande vya mbao hapa na pale. Tukamwuliza vya nini. "Mchanga haulingani," alisema, "na mimi siujengei mchanga, naijengea bahari." Tulicheka, tukapiga picha, tukasahau.

Jumanne asubuhi tukafungua kamba. Meza bila uso ilisimama kwa miguu yake katikati ya karakana, nasi tukapiga takbiri. Tulipoigusa, ikayumba. Mguu mmoja ulikuwa haufiki chini. Fundi alikuwa amekwenda kuswali Adhuhuri na kupitia sokoni, na sisi tulikuwa tumejaa ujasiri wa siku tatu. Hoja yetu ilikuwa nyepesi: miguu miwili inayobeba uzito ndiyo mirefu, basi ipunguzwe. Tukapunguza mmoja. Ikayumba upande wa pili. Tukapunguza mwingine. Ikatulia kidogo, kisha ikayumba. Tulikata mara tano. Mama mshonaji alisimamisha ugwe wa Bibi kando ya mguu, akanyamaza, kisha akatuonyesha: fundo la pili lilikuwa juu ya meza kwa vidole viwili, na uso wa meza, tulipouegemeza, haukulifikia.

Fundi alirudi na samaki mkononi. Alitazama vumbi la msumeno sakafuni, akatutazama sisi, asiseme neno. Akampa mkewe samaki. Kisha akaishika meza na kuizungusha robo ya mzunguko, kama mtu anavyogeuza sufuria jikoni. Akaibonyeza. Ikayumba. Akaizungusha tena robo, akaibonyeza, na kila alipoizungusha mguu ulioelea ulikuwa ule uliosimama karibu na mlango.

"Ikiwa kosa ni la mguu," alisema, "litazunguka pamoja na meza. Hili limebaki palepale. Ni la nani?"

Binti yetu akalala kifudifudi, akaweka shavu sakafuni. Sakafu ya chokaa, karibu na mlango ambapo watu wamekanyaga miaka na miaka, ilikuwa imebonyea. Tulikuwa tumeikata meza ya Bibi kuifuatisha sakafu ya mtu mwingine, katika nyumba ambayo haitakaa. Kwa uchungu tukamkumbuka yule mzee wa Matondoni na vipande vyake vya mbao.

Kilichofuata hakikuwa na maneno mengi. Fundi alilaza mbao mbili zilizonyooka, akazisawazisha kwa pima maji kwa kupenyeza vijiti chini yake, akasimamisha meza juu yake, akachora mstari kwenye miguu yote minne kwa penseli iliyolazwa juu ya kijibao. Safari hii tulikata kwa mstari. Meza ikatulia kama jiwe, na ikawa fupi kuliko kipimo kwa sentimita 3. Mmoja wetu alilia, na hatutasema ni nani. Miguu mipya ingemaanisha matundu mapya, na basi letu lilikuwa la kesho yake.

Mke wa fundi ndiye aliyeuliza, mkono ungali katika ukili, kwa nini meza isivishwe viatu. Fundi alimtazama, akaenda kwenye sanduku la vipande, akarudi na kipande cha mvule wa mlango wa zamani, mweusi kwa umri. Tulikata vibao vinne vya sentimita 3, tukavigundi chini ya miguu na kuvishikisha kwa vijiti vya mbao badala ya misumari. Mwarobaini ni mwekundu, mvule ule ni mweusi. Kosa letu linaonekana kutoka mlangoni.

Uso wa meza, mbao nne zilizounganishwa kwa gundi, sentimita 76 kila upande ili sinia likae na bakuli la mchuzi lipate nafasi, tuliufunga kwa skrubu kutokea chini. Matundu ya skrubu hayakutobolewa mviringo. Yalirefushwa kidogo kuelekea upana wa mbao. Ubao hutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kaskazi, alisema fundi, na hutanuka kwa upana, si kwa urefu; ukiukaza usipumue, utapasuka siku ya ukame na wewe utailaumu gundi. Kisha akatufungulia tena skrubu zote, uso ukatengana na miguu, tukaufunga katika leso mbili kwa ajili ya safari. Hakutaka malipo ya mafunzo. Alipokea ya mbao na ya gundi, na akatupa ile marufaa, imekwisha kukamilika, bila kueleza aliimaliza saa ngapi.

Punda mmoja alibeba miguu hadi gatini. Uso wa meza tuliubeba wenyewe.

Tulifika Mombasa usiku, Bibi amelala. Asubuhi ya Alhamisi tuliisimamisha meza mbele ya ulili wake. Ikayumba. Tulitazamana. Binti yetu akaizungusha robo, akaibonyeza, akaizungusha tena, kisha akakunja kipande cha karatasi akakitia chini ya kiatu kimoja, upande wa dirisha, ambapo vigae vya nyumba yetu, kumbe, vimeinama.

Bibi alipitisha kiganja juu ya ubao, mbele na nyuma. Akainama kadiri alivyoweza, akaona viatu.

"Na hivi vyeusi?"

Tukamweleza yote, pamoja na mara tano tulizokata. Alisikiliza akiwa amekishika kile kifundo cha ugwe. Alisema meza inanuka dawa. Alisema Amu ya zamani mafundi hawakuwavisha viatu ila watu. Kisha akauliza sinia liko wapi, na kwa nini saa saba inakaribia na wali bado uko jikoni, na akamwambia yule mdogo asogeze kigoda chake hapa, upande huu, karibu naye.